Mshiko wa Utepe wa Kaboni na Zege

Katika daraja la Ibach, karibu na Lucerne huko Uswisi, mafundi waliokuwa wakitoboa zege ili kusimamisha taa za kuongozea magari walizikata baadhi ya nyaya za chuma zilizokazwa ndani yake. Daraja liliponyeshwa mwaka 1991 kwa tepe za nyuzi za kaboni, zilizobandikwa chini yake kwa gundi ya epoksi. Tepe hizo zilikuwa na uzito wa kilo 6.2 tu, mabamba ya chuma ya kufanya kazi ile ile yangefikia kilo 175.

Mtu aweza kudhani kwamba siri ya dawa hii imo katika nyuzi. Sivyo. Utepe ukivutwa kupita kiasi, aghalabu haukatiki, wala gundi haiachii, bali hubanduka pamoja na ngozi nyembamba ya zege, mfano wa karatasi iliyobandikwa ukutani ambayo ikivutwa huja na chokaa yake. Basi mnyonge katika ushirika huu ni zege lenyewe.

Wataalamu hulieleza jambo hili kwa uhusiano wa mshiko na mtelezo. Utepe unapoanza kuteleza, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, mshiko huongezeka. Ukifika kilele, nyufa ndogo ndogo hufunguka chini ya gundi, na mshiko hupungua hata ukaisha kabisa. Mahali palipochoka hukabidhi mzigo kwa mahali panapofuata. Kwa hiyo sehemu inayobeba mzigo kwa wakati mmoja ni fupi, na kuurefusha utepe kupita kipimo hicho hakuongezi nguvu.

Kanuni ya Chen na Teng ya mwaka 2001 hukipata kipimo hicho hivi: ugumu wa utepe huzidishwa kwa unene wake, hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha nguvu ya zege, kisha hutafutwa kipeuo cha pili cha jibu. Tuseme ugumu ni nyutani 165,000 kwa milimita ya mraba, unene milimita 1.2, na nguvu ya zege nyutani 30. Jibu ni milimita 190 hivi. Utepe huo, ukifunika nusu ya upana wa zege, utabanduka katika mkazo wa nyutani 370 kwa milimita ya mraba, ilhali nyuzi zenyewe huweza kustahimili zaidi ya 2,500! Hata unene ukizidishwa mara mbili, mzigo huongezeka mara 1.4 tu.

Hesabu hii ni ya utepe uvutwao upande mmoja katika maabara. Katika boriti yenye nyufa nyingi mambo hubadilika, na kanuni huhitaji kurekebishwa. Lakini hatari ni ile ile: kubanduka huja ghafula, pasipo boriti kupinda sana na kuwaonya watu. Ndiyo sababu fundi hulikwangua zege mpaka kokoto zionekane, akalisafisha vumbi, na mara nyingi akazifunga ncha za utepe kwa vitambaa vya nyuzi vinavyoizunguka boriti pande tatu.