Fahamu: Kabla duka lako halijawatumia wateja ujumbe

Msimu wa kupanda mahindi ukikaribia, maduka ya pembejeo Kitale na Bungoma huwatangazia wakulima mbegu kwa programu zinazotuma ujumbe zenyewe. Anza na saa. Programu ikibaki kwenye majira ya Greenwich, tangazo la saa tatu asubuhi humfikia mkulima wa Chwele saa sita mchana.

Namba za simu zianze na 254, msimbo wa Kenya. Emoji moja hupunguza nafasi ya ujumbe kutoka herufi 160 hadi 70, na gharama yaweza kupanda. Mbolea haihitaji kikaragosi.

Zito zaidi ni ridhaa ya mteja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaitaka, na kanuni za 2021 zinadai mteja apewe njia rahisi ya kujitoa. Faini yaweza kufika shilingi milioni 5. Namba zilizonunuliwa mtaani haziji na ridhaa ya wenyewe.