Mume Wangu, Lenzi Yake na Hela ya Kodi

Jamani, kuna kipindi nilijua nina mke mwenza. Saa sita usiku simu inaita, mzee anateleza kitandani, anaenda kuongea sebuleni kwa sauti ya chini. Kumbe anapatana bei na jamaa wa Ujerumani. Lenzi ya kamera! Tena kuukuu, ya miaka ya 1960, laki nne na nusu, imechomolewa kwenye fungu letu la kodi ya nyumba. Nilinuna siku tatu.

Kamera yenyewe ni ile ya kuvuta kama kinanda, inayotumia filamu ya inchi 4 kwa 5, moja moja. Filamu hiyo ina eneo zaidi ya mara kumi ya ile ndogo tuliyoizoea, kwa hiyo lenzi ya kamera ndogo haiwezi kuijaza. Pembe zinabaki nyeusi. Ndiyo maana alitaka Symmar ya Schneider-Kreuznach, milimita 150. Ukifungua kioo cha mbele kwa mkono, inageuka milimita 265. Mbili kwa bei ya moja, ndivyo alivyonibembeleza.

Mzigo ulipofika, mimi ndiye niliyewasha tochi ya simu na kumulika kwa nyuma. Nyuzi nyuzi kama utando wa buibui! Fangasi. Muuzaji alikuwa ameandika "safi kabisa". Msomaji wangu, ukinunua, omba kwanza picha ya lenzi ikiwa imemulikwa, na uliza kama ringi ya kuibana kwenye ubao ipo. Bila hiyo unabaki umeishika mkononi.

Bahati yetu, fangasi ilikuwa upande unaofikika bila kuvunja kitu. Akaisafisha taratibu, alama kidogo ikabaki, kwenye picha haionekani. Shata ndiyo ilitutesa. Uliyoiweka sekunde 1 ilichukua karibu tatu. Tulijua kwa kurekodi mlio wake kwenye simu. Mafuta yameganda. Fundi saa wa mtaani kwetu aliikataa mara mbili, ya tatu akakubali, na sasa inahesabu vizuri. (Lenzi za zamani zaidi hazina shata kabisa. Unavua kifuniko, unahesabu, unarudisha.)

Sasa inalala kwenye boksi la plastiki lenye vile vijipakiti vinavyokuja na viatu vipya, maana kwa joto na unyevu wa Dar fangasi hachelewi kurudi. Jua likiipiga usoni picha inapauka, kwa hiyo kazi yangu ni kusimama pembeni na mwavuli nikiikinga.

Jumapili moja aliniita chini ya kile kitambaa cheusi. Tulibanana wawili, jasho linatutoka, tukiangalia kioo cha nyuma. Mama yangu, aliyekuwa amekaa kibarazani, alionekana kichwa chini miguu juu, lakini kila mkunjo wa uso wake upo. Nilinyamaza. Mume wangu akaniuliza, "Bado umenuna?" Nikamwambia subiri nione picha kwanza.

Picha ipo ukutani sasa. Ile hela anairudisha kidogo kidogo, mimi naandika kwenye daftari. Imebaki laki moja, na juzi nimemsikia tena sebuleni usiku.