Kambare Asiyejificha

Wengi hununua kambare mzuri, humtia katika sanduku la kioo, kisha hawamwoni tena. Kwa nini? Kwa sababu kambare walio wengi hutembea usiku, na mchana hujificha. Ndivyo alivyo Synodontis angelicus wa mto Kongo: madoa yake meupe yapendeza mno, lakini ni mara chache atokapo kwenye mwanga.

Basi tutazame Ziwa Tanganyika. Humo yumo Synodontis multipunctatus, mwenye madoa meusi mwilini na kingo nyeupe mapezini. Yeye huogelea hata mchana, mradi ana wenziwe. Akiwa mpweke huingiwa na hofu. Kwa hiyo wawe watano au zaidi. Wapewe maji magumu kama ya ziwa lao, joto la digrii 25 hivi, na mapango ya mawe: mwenye pa kukimbilia haogopi kutoka.

Lakini jihadharini! Kambare huyu huyatia mayai yake kati ya mayai ya samaki wanaoatamia kinywani. Watoto wake hutangulia kuanguliwa, wakawala watoto wa mlezi wao. Anayetaka samaki hao wazaliane asiwachanganye naye.

Rangi huonekana dukani. Desturi huonekana nyumbani. Tuulize kwanza desturi.