Sarafu na Hadithi: Tuwafundishe Watoto Kuhesabu Fedha



Mwaka mmoja, nikiwa katika ukaguzi wa vitabu vya chama kimoja cha msingi huku Ufipa, niliona bibi mmoja, mwanachama, akimtuma mjukuu wake dukani na noti ya shilingi 1,000. Vitu alivyoagiza, chumvi na kiberiti, vilikuwa vya shilingi 650. Mtoto alirudi na sarafu sita za shilingi 50, naye amefurahi kwa kuwa ni nyingi. Bibi, ambaye macho yake yamefifia, alizipapasa, akahesabu sita, akazifunga katika pindo la khanga. Zilikuwa zimepungua shilingi 50. Ni fedha kidogo, lakini mtoto huyo ndiye atakayesimama kesho mbele ya mizani ya chama akihesabiwa malipo ya mahindi yake.

Kosa lake halishangazi. Mtoto mdogo huhesabu vipande, wala hahesabu thamani. Kumkaririsha thamani peke yake hakumtoi hapo. Hadithi humtoa, na bahati yetu ni kwamba sarafu zetu zimekwisha kubeba wahusika: shilingi 50 ina faru na mtoto wake, 100 ina swala wanne, 200 ina simba wawili, na 500, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ina nyati. Pana mtego lakini. Mtoto akiona simba wawili ni mia mbili, mara hudhani swala wanne ni mia nne. Aambiwe mapema kwamba wanyama wa sarafu moja ni nyumba moja, na nyumba hutambuliwa kwa namba yake.

Mwenye duka na awe Sungura. Wazee watakumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa juu ya senti 50 ya mwaka 1966. Fedha anazijua, na ujanja pia. Tandikeni mkeka, wekeni sarafu za kweli, mwanzeni: Simba aliingia dukani kwa Sungura, akanunua maharage ya shilingi 150. Nani atatoka mlangoni? Mtoto akimtoa Faru, amepata. Kisha aingie Nyati, anunue maharage yale yale. Sungura anamhesabia faru sita, upesi upesi, huku akimsifia pembe zake. Je, Nyati aondoke? Mwacheni mtoto abishane. Atakapogundua kwamba walipaswa kutoka Simba, Swala na Faru, watatu tu, na kwamba watatu hao wanawazidi wale sita, hapo amevuka mto.

Msiharakishe kumsahihisha. Mtoto aliyemkamata Sungura mwenyewe hatasahau. Aliyeambiwa tu husahau kabla ya jioni. Wale wa chini ya miaka minne wasiachiwe sarafu, maana hutia kinywani.

Chama chenye duka kinaweza kuwakusanya watoto wa wanachama Jumamosi moja kwa mwezi, kwani elimu ni mojawapo ya kanuni za ushirika. Sarafu za mkekani zitoke kwa Mtunza Hazina kwa hati ya masurufu, zihesabiwe mbele ya watu wawili, na zirudishwe siku hiyo hiyo kabla kitabu cha fedha hakijafungwa. Nikija kukagua nitaiuliza hati hiyo.