Mihrabu Iliyobaki Ndani ya Simu

Katika daftari la mihtasari ya kamati ya msikiti wetu upo mstari mmoja nilioandika kwa mkono wangu: "Mihrabu ya zamani iondolewe kupisha ujenzi." Ulipitishwa bila mjadala. Jumamosi iliyofuata mafundi walikuja na nyundo, na kabla ya adhana ya adhuhuri matumbawe yaliyochongwa na wazee tusiowajua hata majina yalikuwa kifusi cha kujazia msingi. Msikiti mpya, alhamdulillahi, ni mpana, una vigae na feni, na waumini hawasali tena juani. Lakini miezi michache baadaye mzee mmoja wa safu ya kwanza aliniuliza: "Ustadh, yale maandishi juu ya upinde yalikuwa yanasemaje?" Nilinyamaza. Nimehitimu chuo cha dini, nimesali mbele ya maandishi yale miaka na miaka, na sikuwahi kuyasoma hadi mwisho.

Aliyeninusuru ni kijana mmoja fundi simu. Alinijia baada ya alasiri, akaamkia, akafungua picha aliyoipiga siku ya nikaha ya dada yake. Nyuma ya bwana harusi mihrabu yetu ilikuwa imesimama kama ilivyokuwa. Tulipoikuza tulisoma jina la Mwenyezi Mungu na tarakimu mbili za mwaka wa Hijria. Tarakimu nyingine zimefunikwa na kilemba cha bwana harusi.

Kijana huyo na wenzake si wapiga picha wa kulipwa. Yumo mwalimu wa shule ya msingi, yumo dereva wa bodaboda, na kila jioni wanatumiana walichokipata: Land Rover kuukuu ingali inabeba nazi, nyumba za zamani za mjini Lindi, milango ya nakshi, boma la Wajerumani linalobomoka Kilwa Kivinje. Nilidhani ni mchezo wa vijana. Sasa naona kwamba wanafanya kazi ambayo sisi wenye madaftari na mihuri tuliisahau.

Wapo wazee wanaosita wakisikia neno picha. Hitilafu ya wanazuoni kuhusu picha za viumbe wenye roho inajulikana, na si mahali pake hapa. Ama majengo, miti na vitu visivyo na roho, Ibn Abbas (r.a.) alimwelekeza mchoraji aliyekuja kumuuliza achore hivyo.

Siku moja waliniomba nifuatane nao Kilwa Kisiwani. Kibali hukatwa Kilwa Masoko, kisha ni safari fupi ya mashua. Katika Msikiti Mkuu walinifundisha jambo ambalo sikulipata darasani. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, jiwe la tumbawe huonekana bapa kama karatasi. Asubuhi au jioni mwanga unapokuja kwa pembeni, kila pigo la patasi hujitokeza. Ukumbi wa kaskazini, ulio mkongwe zaidi, unarejea karne ya 11 na ya 12, nao sasa hauna paa. Ule mpana wa kusini ulianza kujengwa karne ya 14, na nguzo na kuba zake tunazozistaajabia ni za ujenzi mpya wa karne ya 15. Mwalimu alipiga picha nguzo ileile mara nne, kila upande mara moja, akiweka kalamu chini yake ili atakayeitazama ajue ukubwa. Nilimwuliza faida yake. Akajibu kwamba ufa ukipanuka mwaka ujao ataujua.

Jibu hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kuta zikiwa zinaporomoka na bahari ikila ufukwe. Yalitolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati, lakini mvua na mawimbi havikupewa taarifa.

Na neno peke yake halitoshi. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu mji kwa uzuri na kuandika kwamba umejengwa kwa miti. Ilhali msikiti wa mawe ulikuwepo, na kasri la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane linanasibishwa na Sultani huyohuyo. Watafiti wamebishana sana juu ya sentensi ile. Picha moja tu ingewapunguzia maneno.

Hata hivyo sikuyapenda yote niliyoyaona. Kuna wanaopanda juu ya ukuta ili wapate pembe nzuri, na wanaomwagia jiwe maji ili rangi ikolee. Kuna wanaokaa juu ya makaburi. Mahali palipotiwa paji la uso kwa karne nyingi pana haki yake hata pasipo na paa. Tena picha isiyo na tarehe wala jina la mahali ni pambo tu. Katika jambo moja nawapinga hata wale makini: milango. Milango mingi ya nakshi ya pwani hii imeng'olewa na kuuzwa, na picha nzuri inayotaja mtaa na nyumba humfikia mnunuzi kabla haijamfikia mwanafunzi. Hiyo iandikwe jina, ihifadhiwe nyumbani, isisambazwe. Na mwenye nyumba aombwe idhini kwanza.

Mwezi ujao kamati itajadili birika la zamani la udhu, ambalo mafundi wanasema halitengenezeki. Huenda wana haki. Katika ajenda nimeandika, kabla ya kipengele cha mafundi, kipengele cha mpiga picha. Nilipompelekea habari fundi simu, alitaka kujua jambo moja tu.

"Ustadh, lile birika linapata jua saa ngapi?"

Nilimwambia nitakwenda kulitazama kesho baada ya alfajiri.