Ngozi ya Mfanyakazi na Duka la Kwenye Simu



Safari hii tunataka kuzungumza nanyi juu ya mikono. Si ile tunayoinua mkutanoni wakati wa kupiga kura, bali ile inayowasha usiku, inayopasuka kati ya vidole, ile ambayo mtu huificha mfukoni akienda harusini.

Mutanga Nord ni mtaa wa Bujumbura ulio upande wa vilima. Mafundi waashi na vibarua wao hupanda huko asubuhi kuchanganya saruji kwenye nyumba za watu wenye uwezo. Mmoja wao, ambaye jina lake tunalihifadhi, alitueleza yaliyompata. Mikono ilianza kumwasha, ikatoa malengelenge, kisha ngozi ikawa ngumu na kupasuka. Zahanati hakwenda, kwani siku ya kukaa foleni ni siku bila ujira. Alipiga picha kwa simu akaituma kwa muuzaji wa vipodozi anayetangaza bidhaa zake kwenye WhatsApp. Jibu likaja kabla ya chai kupoa: hiyo ni fangasi, dawa ninayo. Akaletewa kikopo kisicho na karatasi ya maelezo wala jina la mtengenezaji. Siku ya tatu mwasho ukatulia, naye akamsifu muuzaji kwa wenzake wote. Baada ya miezi miwili ngozi ilikuwa nyembamba, inachubuka kwa kuguswa tu, na kila alipoacha kupaka, mwasho ulirudi kwa ukali zaidi.

Yaliyomo kikoponi hakuna aliyeyapima. Lakini mwendo huo madaktari wa ngozi wanaujua vizuri: ndivyo zifanyavyo krimu kali za jamii ya steroidi, kama klobetasoli, zikitumiwa ovyo. Dawa hiyo yenyewe si sumu. Mkononi mwa mganga, kwa siku chache, ni msaada mkubwa. Hatari yake ni kwamba hutuliza hata mwasho isioutibu. Fangasi ikipakwa krimu hiyo hufifia kwa macho huku ikienea, na mganga akiiona baadaye huenda asiitambue. Ndiyo maana muuzaji wa kwenye simu huonekana bingwa kwa wiki mbili za kwanza, na wiki hizo zinamtosha kuuza vikopo vingine.

Wengi wa wauzaji hao ndio hao hao wanaouza mkorogo wa kung'arisha ngozi. Humo mna haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu huweza kuiacha ngozi na mabaka meusi yasiyotoka, na nyingine zina zebaki, ambayo hudhuru figo. Katika nchi jirani ya Rwanda, simu hiyo hiyo ilitumika kupigana na biashara hii. Mwezi wa Novemba 2018 mwananchi mmoja alilalamika kwenye Twitter juu ya vipodozi hivyo, Rais Kagame akamjibu hapo hapo na kuzitaka Wizara ya Afya na polisi wachukue hatua. Baada ya hapo polisi walianza kukusanya vikopo madukani.

Wala jambo hili si la urembo tu. Mwezi wa Julai 2024 Burundi ilithibitisha wagonjwa wa kwanza wa mpox, ugonjwa unaotoa vipele na kuambukiza kwa kugusana, na Bujumbura iliguswa sana. Fikirini mtu mwenye vipele vya namna ile anaambiwa kwa simu apake mafuta na arudi kazini, ashike mpini mmoja na wenzake.

Je, picha ya simu haifai kabisa? Inafaa, tena sana, ikienda kwa anayejua. Tangu mwaka 2007 kulikuwa na mpango ambao waganga wa Uganda, Botswana na kwingineko Afrika walipeleka picha za wagonjwa wa ngozi kwa mabingwa wa Austria na Marekani na kupata ushauri. Hapo picha haikusafiri peke yake. Mganga aliyemwona mgonjwa kwa macho aliandika ilianza lini, mgonjwa anafanya kazi gani, amepaka nini. Na hata mabingwa hukwama: kwenye ngozi yetu nyeusi, kile ambacho vitabu vya Ulaya huita wekundu huonekana kama weusi au zambarau, na picha iliyopigwa gizani haionyeshi chochote.

Swali la kazi ndilo muuzaji wa vikopo haulizi kamwe. Angemwuliza yule fundi, angesikia neno saruji. Saruji mbichi huunguza ngozi, na ndani yake mna kromiamu, ambayo mwili wa mtu ukishaikataa huendelea kuikataa miaka mingi. Denmark walianza kupunguza kromiamu katika saruji miaka ya 1980 kwa kuichanganyia chumvi ya chuma, na nchi za Umoja wa Ulaya zikaifanya sheria tangu 2005. Wewe wa kiwandani una mafuta ya mashine na sabuni kali (na wapo wanaonawa kwa petroli, jambo linalokausha ngozi vibaya). Wewe wa shambani una dawa za kunyunyizia, na pareto yenyewe huwasha. Mikono inayoungua kwa kazi ikiitwa fangasi, gharama huhama kutoka kwa mwajiri kuja kwenye mshahara wako. Badala ya glavu za mpira, unanunua krimu. Glavu za kitambaa, tuseme wazi, zikilowa saruji ni mbaya kuliko kutovaa.

Basi simu itumieni hivi. Pigeni picha ya mikono siku ya mwisho ya juma la kazi, mchana, karibu na dirisha. Pigeni nyingine mwishoni mwa likizo. Ikiwa mikono hupona nyumbani na kuharibika kazini, picha hizo zenye tarehe zitamsaidia mganga kutambua chanzo. Mwombeni aandike kazi yenu kwenye daftari lake pamoja na jina la ugonjwa. Maradhi ya ngozi yatokanayo na kazi yamo katika orodha ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2010, na nchini Burundi INSS hushughulikia ajali za kazini na maradhi ya kazi, si pensheni peke yake. Nakala mpeni mwakilishi wenu kabla hajaingia kudai glavu na maji ya kunawa. Picha msizimwage kwenye makundi ya simu, na uso usionekane. Kikopo kama bado mnacho, msikitupe; mpelekeeni mganga akione.