Mama Aliyewatetea Sungura

Akina mama wengi hujipaka mafuta kila asubuhi bila kujiuliza kama kuna mnyama aliyeteswa kwa ajili ya kopo lile. Mama mmoja wa Uingereza alijiuliza. Ni Anita Roddick, aliyefariki tarehe 10 Septemba 2007 akiwa na umri wa miaka 64, na mwezi huu tunamkumbuka.

Alizaliwa mwaka 1942 katika mji wa pwani wa Littlehampton. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Italia, wenye mgahawa ambamo watoto nao walifanya kazi. Alisomea ualimu, akaolewa na Gordon, wakajaliwa binti wawili.

Mwaka 1976 Gordon aliamua kusafiri kwa farasi kutoka Buenos Aires hadi New York. (Wengi wetu tungeficha hatamu!) Anita hakumzuia, ila alihitaji njia ya kuwalisha watoto. Akaenda benki kuomba mkopo wa pauni 4,000, amevaa jinzi, watoto wakiwa naye. Akakataliwa. Aliporudi na mumewe, wamevaa suti na mpango wa biashara mkononi, mkopo ukatolewa. Mama ni yule yule, na wazo ni lile lile. Ndugu msomaji, wangapi kati yetu hatujaonja jambo hilo?

Duka lake, The Body Shop, lilifunguliwa Brighton mwezi Machi mwaka huo. Kuta zilipakwa rangi ya kijani ili kuficha madoa ya unyevu. Chupa zilikuwa haba, kwa hiyo mteja alirudi na ya kwake akajaziwa, kama sisi tunavyokwenda dukani na chupa ya mafuta ya kupikia. Baada ya miaka 30 maduka yalizidi 2,000 duniani, na akina mama wa Tamale, kaskazini mwa Ghana, waliyauzia siagi ya shea.

Zama hizo vipodozi vilijaribiwa kwa kudondoshewa sungura machoni, naye sungura amebanwa asiweze kujikuna. Anita alilikataa jambo hilo na kulipinga hadharani. Mwaka 1996 kampeni yake iliufikishia Umoja wa Ulaya saini milioni 4. Uingereza ilikomesha majaribio hayo mwaka 1998, na mwaka 2013, Anita akiwa hayupo tena, Ulaya ikapiga marufuku kuuza vipodozi vipya vilivyojaribiwa kwa wanyama.

Hakuwa malaika. Mwaka 2006 kampuni iliuzwa kwa L'Oréal kwa pauni milioni 652, na wapenda wanyama wengi walisononeka. Yeye aliamini kwamba angewabadilisha wakubwa hao akiwa ndani. Kwa maoni yetu, lawama ile haikukosa sababu.

Wakati huo alikuwa tayari anaumwa. Mwaka 1971, alipomzaa binti yake wa pili, aliongezewa damu iliyokuwa na virusi vya homa ya ini aina ya C. Hakujua hadi mwaka 2004, vipimo vya kawaida vilipofichua. Hakuficha, alitangaza mapema mwaka 2007 na kuwahimiza wengine wakapime damu.

Alikuwa amesema waziwazi kwamba hatawaachia binti zake utajiri. Wosia uliposomwa, mali yake, pauni milioni 51, ilikuwa imekwisha kutolewa kwa ajili ya misaada. Sisi wenye watoto tumelijadili hilo sana hapa ofisini, na bado hatujakubaliana.